Fundo la Nyasi Kwenye Kamera ya Mtu

Wacha nikukatize hapo. Unasema kamera haina sababu ya kumsingizia mtu. Sawa. Picha ni yake, uso ni wake, na mikono iko kwa mkanda wa kamera. Sijakataa hata kimoja. Mimi nilikuwa nyuma yake siku hiyo, nimesimama nakula ndizi. Sasa wewe uliyekuwa kwako umekaa kwa kochi, ulimwona akiiba?

Basi tulia nikueleze.

Aliyepigwa picha ni rafiki yangu. Mkongo wa Kivu, amenipita umri kwa mbali, anapakia maboksi kwenye ghala moja upande wa Saltley, huku Ulaya. Tulijuana kanisani. Yeye alikuwa anapanga viti vibaya, mimi napita nyuma yake navipanga upya, mpaka siku moja akanigeukia akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Tangu hapo ananiita petit, mimi namwita grand, ndivyo Wakongo wanavyoitana, mdogo na mkubwa. Mimi ni Mkenya. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba moja kule Great Barr, na ni kupitia hiyo kazi tuliingia msituni. Kuna mzee nilikuwa namwogesha, na kijana wake ana shamba nje ya mji, ukishavuka ile barabara kuu ya magari. Ndani ya shamba kuna msitu, na katikati ya msitu kuna njia ya watu wote, ya mbwa na watoto na wazee na fimbo zao. Kijana wa mzee alikuwa analia kila akija kumwona babake. Si kwa ajili ya babake, kwa ajili ya kindi. Kindi wa kijivu wanabandua magome ya miti michanga, na yeye alikuwa amepanda mialoni mingi. Nikamwambia nina rafiki mwindaji. Akasema mlete.

Tulikuta wengine pale, wazungu watano au sita hivi, wote wamepewa ruhusa ileile. Kila mtu na bunduki yake ya upepo, kila mtu anatundika sanduku la mahindi na karanga kwa mti wake, halafu mbele ya sanduku anafunga kamera. Hizo kamera ni kidude kidogo cha rangi ya majani makavu, unakikaza kwa shina la mti na mkanda, mnyama akipita kinapiga picha chenyewe. Nyingine zinatuma picha kwa simu ya mwenyewe papo hapo. Hivyo unajua kindi wako wanakula saa ngapi, hukai kwa baridi bure.

Sasa ukishakuwa na watu wengi na msitu mmoja, lazima kuwe na adabu. Aliyetusomea adabu hiyo alikuwa fundi wa mabomba aliyestaafu, sisi wawili tulimwita kapteni kwa sababu ya kofia yake. Alisimama langoni na chupa yake ya chai akasema usifunge kamera yako ikitazama sanduku la mwenzako. Usifungue kamera ya mtu kuchungulia picha. Usiguse kamera isiyo yako. Na kamera yako ikinasa mtu, awe mwenzetu au mama anayetembeza mbwa, unafuta. Hutumi kwa grupu yetu ya simu. Hucheki. Akaongeza, "Sisi wote tunakojoa mahali fulani humu."

Wakacheka. Nilipomtafsiria grand naye akacheka, kwa kuchelewa, peke yake, mpaka wakacheka tena kwa sababu yake. Nilifurahi siku hiyo. Mimi nilijifunza kulenga kwa video za simu, hakuna mtu alinifundisha, na yeye alinitazama nikilenga akasema nashika bunduki kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Lakini yeye? Kwenye ghala yeye ni fulana ya rangi ya chungwa, meneja hata hajui kama anaongea. Ndani ya ule msitu alikuwa mtu. Alikuwa anawaonyesha ukucha wa kindi ulipokwaruza magome jana na ulipokwaruza leo, bila Kiingereza, kwa kidole tu, na wanainama kuangalia. Kila Jumamosi ya msituni ilikuwa inamrudishia kitu ambacho wiki nzima ilikuwa imekichukua. Hicho ndicho nataka ukumbuke ninapoendelea.

Halafu kuna ile mila yake.

Mara ya kwanza nilipoiona tulikuwa tunapita kwenye kamera ya mtu mwingine. Grand akasimama, akang'oa nyasi ndefu, akaisokota, akaifunga fundo dogo kwenye mkanda wa kamera, pale mkanda unapozunguka mti.

"Grand, unafanya nini?"

"Minasalimia mwenyewe."

"Mwenyewe hayuko."

"Njo maana ninaacha salamu. Kama angekuwa hapa, ningemupa mukono."

Akanieleza tukitembea. Kwao msitu ni wa kijiji chote, na kila mwanaume ana mitego yake humo. Ukipita kwenye mtego wa mwenzako, hupiti hivi hivi. Unafunga fundo la nyasi hapo karibu, na kila ukoo una fundo lake, ili mwenyewe akija ajue fulani alipita, aliona, na aliacha. Ukikuta mnyama ameshanaswa unamfunika kwa majani, unaenda kumwita mwenyewe.

"Na usipofunga fundo?"

"Basi ulipita kama mwizi," akasema. "Mutu wa haki anaacha alama. Mwizi njo mwenye hafanyake hivyo."

Usiniambie ati sheria ilisema usiguse. Najua ilisema, ni mimi niliitafsiri. Kamera hakuigusa. Mkanda umezunguka mti, na mti ni wa mwenye shamba. Hakufungua mlango wa kitu, hakubonyeza, hakuchungulia. Alikuwa anawapa heshima kubwa kuliko waliyoomba.

Ile picha ilikuja Jumapili. Ibada ilikuwa imeisha, tuko ukumbini tunakula wali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na simu yangu ikaanza kutetemeka mezani. Nikafungua grupu. Uso wa grand umejaa simu nzima, jicho moja karibu kuliko lingine, mikono kwenye mkanda akifunga fundo, meno nje. Meno nje kwa sababu nilikuwa nimemchekesha, nilikuwa nimesema kitu kuhusu mchungaji. Chini ya picha mwenye kamera ameandika: "Kamera yangu haipo. Hii ndiyo picha ya mwisho iliyotuma. Kuna anayemjua huyu?"

Kuna anayemjua huyu. Baridi yote ile alikuwa amekunywa chai naye. Kutoka kwa chupa moja. Grand alikuwa amemsaidia kusukuma gari lake la kijani lilipozama kwa tope, mpaka tope likaingia kwenye soksi.

Nilimwonyesha. Akafuta vidole, akashika simu, akatazama sana.

"Mbona anauliza?" akasema. "Ananiyua."

Hakuwa amekasirika. Alifikiri ni kosa la macho, ati picha imemtoa vibaya, na Jumamosi wakionana ana kwa ana jamaa atasema ah, kumbe ni wewe.

Jumamosi tukaenda. Walikuwa langoni wote, na mwenye shamba pia, jambo ambalo si kawaida. Mwenye kamera hakutusalimia.

"Sitaki makuu," akaniambia mimi, si grand. "Mwambie airudishe tu, rafiki, na mambo yaishe."

Rafiki. Unajua wanavyolitumia hilo neno hapa, linamaanisha kila kitu isipokuwa rafiki.

Nikawaka. Nilimuuliza sheria ya kutotuma picha ya mtu kwa grupu imeenda wapi. Nikamkumbusha kwamba kapteni mwenyewe alinaswa akikojoa kwenye mti wa watu, na picha ikafutwa kwa heshima zote, hakuna aliyeuliza kuna anayemjua huyu. Kapteni akawa mwekundu mpaka shingoni. Nilikuwa ndio naanza.

Grand akanivuta mkono wa koti. "Petit. Miye sijafungua kinywa, na weye umeshamaliza maneno yote. Tafsiri. Usiongeze chumvi."

Basi nikatafsiri. Alieleza yote, mitego ya kwao, fundo, ukoo, mnyama kufunikwa majani. Alieleza polepole, akitazama uso wa kila mmoja, kama mtu anayefundisha kitu kizuri. Nami nikatafuta Kiingereza changu bora kabisa. Mwishoni akasema, "Kama hawaamini, tuende tuone kamera zingine."

Tukaingia msituni mstari mmoja. Kamera ya kwanza ilikuwa ya kapteni. Kwenye mkanda kulikuwa na mafundo, mengine makavu ya manjano, moja bado lina ubichi. Kamera ya pili hivyo hivyo. Ya tatu pia. Grand alikuwa anatangulia, anatuonyesha kila moja, amechangamka kabisa. "Hii ya wakati wa teluji. Hii juzi." Hata yangu ilikuwa na fundo. Ningesema hapo kesi imekwisha. Mwizi gani anasaini?

Kapteni alishika fundo moja akalisugua na kidole gumba. "Nilidhani ni watoto," akasema taratibu, na nikaona moyoni mwake kitu kinalegea. Nusura.

Lakini mwenye kamera akasema, "Kwa hivyo amezigusa zote."

Nakuapia nilisikia wale watu wakibadilika kabla sijawaona. Mmoja akarudi kwa kamera yake akaanza kuipapasa, akafungua mlango wake, akahesabu betri. Mwingine akafanya vivyo hivyo. Alama aliyoweka ili walale usingizi ndiyo iliyowatoa usingizini. Nilianza kupiga kelele, na nilisema maneno ambayo siwezi kuyarudia na mamangu yuko hai.

Mwenye shamba akainua mkono. Ni mtu mpole, hilo ndilo linaniuma, ningependa awe mbaya. Akasema labda ingekuwa vizuri rafiki yangu apumzike kidogo, mpaka mambo yatulie, hakuna anayemlaumu mtu.

"Amesema nini?" grand akaniuliza.

Nimewahi kuwaambia watu mazito. Kazini kwetu ndiyo mkate wetu. Lakini kile Kiingereza laini hakina Kiswahili, ukikitafsiri sukari inabaki kwenye sufuria.

"Amesema usirudi."

Akatikisa kichwa mara moja. Halafu akazunguka, akawapa wote mkono, mmoja mmoja, mpaka mwenye kamera. Yule akatoa mkono wake akitazama buti zake.

Nilimrudisha Saltley kwa gari. Alipofungua mlango akasema, "Kwetu mutu akishaitwa mwizi wa mutego, hata watoto wake hawaitwake kwenye mawindo. Nashukuru wangu hawajaona."

Kamera ilipatikana. Si ungeniuliza? Wakata miti walikuwa wameletwa na mwenye shamba kuangusha miti migonjwa kando ya njia, wakaona kamera kwenye mmoja, wakaifungua isipondwe, wakaiweka kwenye banda la trekta na wakasahau kusema. Watu wema kabisa. Mwenyewe akaandika kwa grupu: "Imepatikana! Ilikuwa kwa banda la trekta. Hakuna shida." Vidole gumba vikafuata, kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyeandika kuhusu grand. Mwenye shamba aliweka kidole gumba na uso unaocheka.

Nikaandika mimi. Niliandika ujumbe mrefu, makosa ya Kiingereza kila mstari, na sikurekebisha hata moja. Kapteni akanipigia simu pembeni, mbali na wengine. Alisema labda walimkosea. Alisema yale mafundo yalikuwa kitu cha kupendeza, alimsimulia hata mkewe. Halafu akasema, "Lakini sheria ilikuwa usiguse, na yeye aligusa. Wewe hukugusa. Wewe hatuna neno na wewe. Rudi, miche inaliwa."

Nilimpelekea grand habari ya kamera nikidhani atakasirika, nikitamani akasirike. Akasema, "Imeonekana? Mungu ni mwema," akaniuliza kama nimekula. Bunduki yake ameifunga kwa blanketi chini ya kitanda.

Lakini mimi namwona. Mtaa wake ni zile nyumba zilizoshikana, na siku hizi kila mlango una kengele yenye kamera. Zamani alikuwa anatembea kando ya milango, anawasalimia akina mama, anaokota takataka kwenye ngazi za watu. Sasa anatembea katikati ya barabara, mikono nyuma. Gari likipiga honi anasogea, likipita anarudi katikati. Nikamuuliza kwa nini, akasema hewa ni nzuri huko.

Kanisani wananiambia nirudi msituni. Wanasema nafasi za watu wetu ni chache, tusifunge mlango kwa hasira zangu. Mmoja aliniambia ati grand aliponza nafasi yake kwa ushamba, mambo ya kijijini hayaletwi Ulaya. Nilimwacha na sahani yake ya chakula mkononi, na nashukuru Mungu sikuigeuza. Hata grand mwenyewe ananiambia, "Enda, petit, weye eko kijana." Ananiambia akiwa ameangalia pembeni.

Na kapteni amenipigia tena wiki hii. Anasema ruhusa yangu iko palepale. Ya kwangu mimi, peke yangu. Anasema hata mwenye kamera ameniulizia.

Sasa wewe mwenye busara nyingi, ungerudi?