Kuku Aliyelalia Namba ya Chesisi

Miaka ile Warundi walipokimbia mara ya pili, mimi nilikuwa na pikapu. Hapo soma polepole. Shule niliacha darasa la nne, lakini pikapu nilikuwa nayo, na kijijini kwetu Nemba hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye gari. Nilipeleka maharage na ndizi Nyakanazi, kwa wanunuzi waliopeleka kambini kwa wakimbizi. Kuendesha sikujua. Nilikuwa na dereva. Mimi nilikaa kushoto kwake na kupungia watu mkono.

Kisha boksi la usukani likafa. Ni lile dude la chuma linalopokea mikono ya dereva na kugeuza tairi. Dereva akikata kona, gari linafikiria kwanza.

Mzee wangu alifurahi. Hakuipenda pikapu tangu watu walipoanza kumwita "mume wa mama mwenye gari."

"Wauzie wa vyuma chakavu," alisema.

Binti yangu wa mwisho, mwalimu, alikuwa na simu ya kupangusa. Akapata duka la spea la mtandaoni, la Dar es Salaam. "Mama, wanauliza aina ya gari, mwaka na namba ya chesisi." Tukanakili kwenye kadi ya gari, herufi kwa herufi. Boksi likaja na basi. Fundi wa Nyakanazi alilitazama, akacheka mpaka akakalia tairi.

"Bibi, hili ni la usukani wa kushoto."

"Wa kwangu uko wapi?"

"Kulia."

"Basi waambie, unanicheka mimi nimelitengeneza?"

Likarudi, likaja la kulia. Nalo matundu yake ya bolti yalitazama kwingine kabisa. Mzee akasema subira yake imekwisha: mwisho wa mwezi mtu wa vyuma chakavu anakuja na mizani. Nikamwomba mara moja tu ya mwisho.

"Likikaa hilo la tatu," akasema, "mimi nitapanda nyuma na maharage mpaka Nyakanazi."

Nikarudi kwa fundi. Akainama, akachungulia chini ya gari, akaguna. "Bibi, gari hili lina siri."

Ndipo nikavuta kapeti pale ninapoweka miguu. Chini yake kuna kopo la mafuta ya kupikia ya msaada, limekunjuliwa na kupigiliwa. Miaka ishirini nimekanyaga kopo hilo, upepo wa barabara ukipanda mpaka magotini, na sikuwahi kuona kama ni habari ya kumwambia mtu. Pale ndipo usukani ulipokuwa! Pikapu tuliinunua Ngara, wakimbizi wa kwanza walipokuja, kwa mtu aliyevuka nayo daraja la mpakani la Rusumo. Kwao usukani hukaa kushoto. Fundi wa wakati ule, sasa marehemu, aliuhamishia kulia, kazi ya siku tatu, nami nikimpikia ndizi.

"Na boksi alitoa wapi?"

"Kwenye kipanya cha abiria kilichopinduka Kaniha." Ndizi nilizopika nazikumbuka, nisikumbuke boksi?

Fundi akapiga paja. "Basi namba ya kadi haitusaidii. Tutafute namba ya hicho kipanya."

Kipanya kilikuwepo bado, hakina tairi wala vioo, kwenye shamba la mama mmoja wa umri wa binti yangu. Alikigeuza banda la kuku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kusoma gari lako."

Akamtazama binti yangu kuona kama nina homa.

Fundi alikuwa ametuelekeza: kibati cha namba kiko chini ya kiti cha mbele, kushoto. Tukachungulia. Juu ya kibati, kuku mwekundu amelalia mayai.

"Huyo haguswi," mwenye kuku akasema. "Ana siku ya nne. Rudini akitotoa."

"Akitotoa, gari langu litakuwa limeshakuwa masufuria."

"Akishtuka atayasusa. Nani atayalalia, wewe?"

"Nimezaa saba. Kumi na mawili yatanishinda?"

Akacheka, akalegea, lakini kwa sharti: gari likipona, safari ya kwanza limbebe yeye na majogoo yake, bure. Nikakubali. Nikajifunga kanga, nikaingia kwa magoti. Nikampitishia kuku mkono kwa nyuma, taratibu, nikimsemesha kama mkwe. Alinidonoa mara tatu. Nikasukuma mayai, nikafuta kinyesi kwa pindo la kanga. Binti akaingiza simu dirishani, akapiga picha. Ilitoka sura ya kuku, nzuri kabisa.

"Mama, msogeze kuku."

"Msogeze wewe, mwenye cheti!"

Ya pili ilitoka na namba. Kuku akarudi kukaa kana kwamba hatukuwahi kuwepo.

Boksi la tatu lilifika siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Bolti ziliingia bila kugombana. Tukapitia Kaniha, tukambeba mama wa kuku, tukabanana naye mbele. Nyuma kulikuwa na maharage, majogoo tisa, na Mzee.

Nyakanazi, mtu wa vyuma chakavu alikuwa kando ya barabara na mizani yake. Akatusimamisha.

"Mama, ndiyo mmeniletea?"

"Gari hapana," nikamjibu. "Lakini nyuma kuna Mzee. Mpime."

Mzee akainuka kati ya majogoo, manyoya kwenye kofia.

"Hauzwi huyu," akasema. "Namba yangu ya chesisi bado hawajaipata."