Mugongo uliokataa kulala

Leo nimeshindwa kulala kwenye mukeka mbele ya ekipe yetu nzima ya mpira.

Jana, kwenye mazoezi ya mpira, nilianguka vibaya na mugongo ukakaza. Jumapili tunacheza na Kabambare. Leo wenzangu wakanipeleka kwa Muzee Shabani, anayenyoosha mifupa ya watu hapa Kasongo.

Akajipaka mafuta ya mawese mikononi, akasema kwa upole, "Lala kifudifudi, mutoto wangu."

Nikabaki nimesimama.

Mara ya mwisho nililala hivyo mbele ya ofisi ya teritware, kwa wazungu wa serikali, sababu shamba langu la pamba lilikuwa na majani, sikulipalilia. Fimbo nane. Polisi alianza kwa maneno yale yale.

Nilidhani wenzangu watacheka. Hakuna aliyecheka. Kipa wetu alikuwa anaangalia chini.

Muzee akawageukia. "Nani mwingine hapa hawezi kulala?"

Mikono ikainuka, mumoja mumoja, mpaka wa kapiteni.

"Basi kaa," akaniambia. Akapiga magoti nyuma yangu, akabonyeza taratibu mpaka mfupa ukalia na pumzi ikanirudia.

Ninyi wachezaji wa Kabambare, kwenu munakandwa mukiwa mumelala?