Swali la Mama Juu ya Dungu

Mwanangu, jana nilipokuona unafunga begi kwenda kusomea uchumi, niliikumbuka siku moja kule kijijini kwetu Maparoni. Mimi shangazi yako na mama yangu, bibi yako, tulikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa shambani kuamia ndege wasile mpunga.

Nilikuwa nimeajiriwa wizarani, kazi yangu kuandaa misimamo ya nchi kwenye mikutano ya biashara ya kimataifa. Nilikuwa likizo, lakini nitulie wapi, nami najiona mtu wa maana! Simu ikaita. Nikazungumza weee na mwenzangu wa ofisini habari za ushuru wa mchele unaotoka nje. Maskini mama, aliacha hata kufukuza ndege, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mchele huo ni wa wapi, na ushuru wake ukishuka, huu wetu tutauuzaje pale Kibiti.

Swali zuri lile. Ndilo nililokuwa nalipwa mshahara kulijibu. Lakini nilimwambia, "Mama, hayo ni mambo ya mataifa. Hutayaelewa."

Akavuta kamba ya makopo, ndege wakaruka. Halafu akasema, taratibu tu, "Nimelima hapa ili usome. Sasa umesoma mpaka umekosa maneno ya kuniambia mimi?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuniuliza tena habari za kazi yangu mpaka anaingia kaburini. Nikija likizo tunaongea mvua, nguruwe walioingia shambani, nani kaoa. Nami nikaona afadhali, sina wa kunisumbua.

Alifariki nikiwa mkutanoni Ulaya. Nilifika nyumbani ameshazikwa. Jirani yetu, Bi Tatu, alinishika mkono kunipa pole, akaniambia mama alikuwa akijisifu kwa kila mtu: "Binti yangu anakaa na wakubwa wa dunia, anawaeleza habari za mpunga wetu."

Mpunga wetu! Miaka yote ile nilisema sekta, nikasema uzalishaji, nikasema wakulima wadogo. Shamba la mama sikulitaja hata siku moja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, mwanangu, na wa kumwomba radhi sina.

Basi nakuusia. Soma, ufike unakotaka kufika. Ila nyumbani wakikuuliza kazi yako, kaa nao mkekani uwaeleze mpaka waelewe, na watakayokuuliza yabebe uende nayo huko kwenye mikutano. Mama yako yuko jikoni. Tangu asubuhi anataka kujua huo uchumi unaokwenda kuusomea ni kitu gani, nami nimekusikia ukimjibu, "Mama, we acha tu." Weka begi chini, uende ukamwambie.

Mungu akufungulie njia, akujaalie maneno ya kusema mbele ya wakubwa, na asikunyime ya kusema na mama yako angali hai.