Mkwe Kwenye Kinamasi

Sefania wa Mgwashi hakuwa mtu wa kuogopa msitu. Tangu Mwingereza aweke alama mipakani na kuuita msitu wa serikali, yeye ndiye aliyeulinda, kwa kaptula ya kaki na panga lake. Hata chui alishakutana naye uso kwa uso akamwachia njia. Alichokiogopa duniani, jamani, ni kitu kimoja tu: kukutana na mama mkwe wake.

Msicheke. Kwao mkwe alikuwa mkwe. Tangu amwoe Mariamu, kila akimwona Mama Rahabu njiani aliingia kichakani, akageuza mgongo mpaka mama apite. Hawakuwahi kupeana mkono. Ndiyo heshima yenyewe, na miguu yake ilikwisha kuizoea hata haimwulizi mwenyewe.

Siku hiyo alikuwa akimtembeza Bibi mmoja wa Kizungu, aliyetoka Lushoto kutazama viumbe vya msitu. Asubuhi walikuwa kileleni kwenye baridi, ambako miti imeota ndevu za kijani na vinyonga wenye pembe hutembea kama wazee walioshiba. Wakateremka kwenye miti mikubwa ya mikulo, mbega wakirukaruka juu yao, mpaka bondeni kwenye kinamasi, makazi ya vyura na ndege wa majini. Hapo njia ni magogo yaliyolazwa juu ya matope, ya kupita mtu mmoja mmoja.

"Bibi, kanyaga gogo tu," Sefania alimwonya. "Matope haya yamemeza ng'ombe mzima."

Walipofika katikati, matete ya mbele yakatikisika, akatokea mwanamke na tita la kuni kichwani. Sefania akaitambua kanga. Loo! Mama Rahabu huyo, hatua chache tu, na kichaka hakuna.

Nyuma Bibi ameziba njia, anamhimiza, "Kwenda mbele!" Kabla akili haijamfikia, miguu ikafanya ilivyozoea. Ikatoka nje ya gogo.

Chubwi! Matope yakampokea hadi kiunoni. Akajitikisa, yakamfika kifuani. Bibi alipiga ukelele, akamnyoshea fimbo yake. Sefania alipoivuta, gogo likabingirika na Bibi nusura amfuate. Akaiachia. Baridi ya matope ilimbana mbavu hata pumzi haiingii. Aliogopa kufa, akawawaza wanawe, na bado, maskini, alikuwa amegeuza uso pembeni asimtazame mkwe!

Mama Rahabu naye alikuwa amempa mgongo. Akauliza hewani, akimwita kwa jina la mjukuu kama desturi, "Baba Yunis anazama?"

"Pita, mama," Sefania akasema. "Pita tu, nitatoka."

"Utatokea wapi? Ahera?"

Tita likaanguka. Kuni akazitandaza juu ya matope, akalala juu yake kifudifudi, akarusha kamba ya tita huku ameangalia kando. Ikaanguka mbali. Akaivuta, akarusha tena. Mbali vilevile. Matope yalikuwa yamefika kidevuni.

"Mama, aibu..."

"Nyamaza! Binti yangu akibaki mjane, aibu hiyo ndiyo nitakayowapikia wanawe?" Sauti ilimtetemeka kwa hasira na woga. Akageuka. Akamtazama machoni, akamkamata mkono kwa mikono yake miwili. "Vuta, Sefania! Vuta, mwanangu!" Jina hilo hakuwahi kulitamka. "Na wewe Bibi, nishike miguu!"

Bibi akapita gogoni, akaikalia miguu ile kwa uzito wake wote. Wakavuta. Matope yalimwachia shingo, mabega, kifua, polepole na kwa choyo, mpaka akalala juu ya kuni akitapika maji meusi.

Jioni wazee wa ukoo walikutana uani kwa Mama Rahabu. Walitaka Sefania atoe mbuzi kwa kumgusa mkwe. Asipotoa, asikanyage tena nyumbani kwao mkewe. Sefania aliinama tu. Mama Rahabu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango, akatoka mpaka katikati yao, matope yamemkaukia kwenye nguo.

"Mbuzi wa nini? Aombe radhi kwa kuwa hai?"

Akaenda moja kwa moja kwa Sefania, akamnyoshea mkono. Sefania akawatazama wazee, akautazama ule mkono uliochubuka. Akaushika.

"Shikamoo, mama," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote.