Matao ya Busasamana

Ukiulizia mtu mwaminifu hapa Busasamana, Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo, utaelekezwa kwa Illuminée, mhudumu wa afya wa kijiji, anayepima watoto uzito kila mwezi bila kukosea hata gramu. Ndiyo maana mtafiti mmoja, aliyetaka kulinganisha mistari ya vidole vya watu wa huku na vya watu wa Kanzenze na Goma, alimkabidhi yeye wino na karatasi mia moja, kila mtu karatasi yake.

Ulikuwa msimu wa kuvuna viazi. Watu walikuwa shambani, na mikono yenye udongo haitoi alama. Siku ya mwisho karatasi kumi na nane zilikuwa bado nyeupe. Aibu ya kurudisha kazi pungufu ikamshinda. Akamwita dada yake Cansilde, akambonyezesha vidole mara kumi na nane, akaandika majina kumi na nane. Vidole ni vidole, alijiambia.

Kumbe vya Cansilde havikuwa vya kawaida! Wengi wetu mistari yetu hujipinda kama kitanzi au huzunguka kama konokono. Yake, vidole vyote kumi, imeinuka katikati kama kilima. Tao la namna hiyo ni nadra. Mtafiti akarudi na furaha yake, akatangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba Busasamana ina matao kupita kote alikopima.

Basi ikawa mchezo, kila mtu kuchungulia vidole vya mwenzake, na asiye na tao anataniwa. Utani uliacha kuchekesha pale watoto walipomwambia Nshuti, binti aliyezaliwa Masisi, ng'ambo Kongo, na kurudi na mama yake, kwamba vidole vyake ni vya Kongo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao; hili Illuminée alilichuma, mtoto wa jirani akalila. Illuminée alijichukia.

Jumapili baada ya misa alimkuta Nyirahabimana, mama yake Nshuti, akimenya viazi uani. Akamweleza yote bila kujitetea.

“Unisamehe, Mama Nshuti. Kesho namupigia ule mutafiti, atabadilisha.”

Nyirahabimana hakupandisha sauti. “Bon. Makaratasi atabadilisha. Lakini mutoto iko mule ndani. Ingia, umwambie we mwenyewe.”

Illuminée akaingia. Nshuti alikuwa ameketi sakafuni na jiwe la volkano, lile la kusugulia visigino, akisugua ncha za vidole vyake kimoja kimoja. Cha gumba kilikuwa kimeshaanza kutoa damu.