Athmani na Anwani ya Ndani

Leo nimehangaika saa nzima kumwingiza Athmani kwetu, na yeye yuko Doha.

Athmani tulikua naye hapa Matondoni, kisha akaenda kufanya kazi Uarabuni. Leo ana mapumziko, akataka tucheze ile gemu yetu ya kujenga mji. Seva ya gemu hiyo, yaani mashine inayoiendesha, ni kompyuta kuukuu iliyoko sebuleni kwetu.

Akajaribu kuingia, ikakataa.

Nikazima ruta ya intaneti, nikawasha. Seva nzima kabisa. Yeye kwenye simu anasema, "Bado, bwana."

Mwisho nikamwambia anisomee anwani ya seva anayotumia.

Akasoma.

Ilikuwa anwani ya ndani, inayokubali ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwetu tu. Hajaibadilisha tangu alipokuwa akija kila alasiri, tunacheza mkekani, mama anatuletea mahamri.

Nikamtumia anwani ya nje. Akaingia.

Hatukujenga chochote. Tulizunguka tu, tukibishana nani alijenga msikiti.

Mama akaisikia sauti yake. "Athmani, utakuya lini mwanangu?"



"Idi hii, mama. Inshallah."

Mama ameshaanza kutandika kitanda cha wageni.

Na Athmani wenu, yuko wapi siku hizi?