Nani Ameonja Haya?

Vipi kama bibi yuko sahihi, na maji ya bomba letu kweli hayafai? Swali hilo lilininyima usingizi katikati ya msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, nikiwa nyumbani kwetu Hamugembe, nimemaliza chuo na sina kazi ya kunichosha mpaka nilale.

Bibi, mzaa mama, alikuwa ameletwa kutoka kijijini kwake Muleba kuja kutibiwa. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa yameanza kugusa figo. Daktari alimwandikia sindano za kila asubuhi kwa wiki mbili, na akasema mbele yetu sote kwamba sindano bila maji mengi ni kazi bure. Bibi aliitikia, "Ndiyo, waitu," kwa heshima zote, kisha akarudi nyumbani akanywa mafunda mawili. Glasi ilibaki mezani mpaka jioni. Haikupita muda akatangaza kwamba Jumamosi anarudi kwake, kwenye chemchemi yake, na sindano zikitaka zimfuate.

"Maji ya hapa yananuka dawa," alisema. "Na chini ya hiyo dawa kuna kitu kingine."

"Bibi, dawa ndiyo inaua vijidudu."

"Na mimi je, itaniacha?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kusoma.

Chuoni nilisomea uhasibu. Kuhusu maji nilijua kwamba yanalowesha. Lakini mtu mwenye simu na wasiwasi haishiwi masomo. Nilisoma kuhusu klorini, kuhusu kutu ya mabomba ya zamani, kuhusu madini ya risasi, kuhusu vijidudu vyenye ngozi ngumu ambavyo klorini haiviwezi. Kila nilipofunga ukurasa mmoja nilihisi dalili mpya tumboni. Nilimnunulia bibi katoni ya maji ya chupa. Aligeuza chupa mkononi, akauliza yamefungiwa humo tangu lini, akanirudishia. Katoni ile nikawa nainywa mwenyewe, maana si vizuri kitu kiharibike, na bibi nikawa namchemshia ya bomba.

"Msomi," mama aliniambia aliponikuta nimeinua glasi dirishani, "ukimaliza kuyasoma hayo maji, kuna vyombo vinayasubiri."

Nilipeleka sampuli kwenye maabara ya maji mjini. Mtaalamu aliyenipokea hakuitazama hata chupa. Aliniuliza kwanza kama bomba letu la jikoni linatoka moja kwa moja mtaani au linapitia kwenye tenki. Tenki. Akanituma nikachote na pale kwenye mita, kabla maji hayajapanda juu. Majibu yalipotoka, maji ya kwenye mita yalikuwa safi na klorini yake ya kawaida. Ya jikoni yalikuwa na tope, kutu kidogo na vijidudu. Uchafu wote ulikuwa wa kwetu wenyewe.

Nikapanda mnara wa tenki. Mfuniko ulikuwa umesogea. Ndani nilikuta majani makavu ya mgomba, tope laini kama uji, na senene, senene wengi waliofuata taa yetu ya nje wakaishia kuogelea. Niliwatangazia walio chini kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Ndiyo maana chai ilikuwa na ladha," mama alisema.

Bibi alitoka nje na fimbo yake. "Nilisema kuna kitu kingine," alisema, akainua macho kuelekea kwenye tenki. "Hakuna waliobaki wazima? Kikaango kipo."

Siku ile tuliosha tenki, tukarudisha mfuniko na kuukaza kwa waya. Tulilowa sote, hata mama, ambaye alikuja kusimamia tu. Maji yakaanza kutoka meupe kabisa, na harufu ya klorini ikazidi, kwa kuwa sasa hapakuwa na tope la kuimeza. Bibi alinusa glasi akaisukuma pembeni.

Kumbe lilihitajika chujio. Nilikwenda duka la vifaa vya maji karibu na soko, nikamuuliza dada wa pale maswali yote niliyokuwa nayo. Alikuwa na mashine ya kufunga chini ya sinki, inayotaka umeme na kumwaga maji mengi ili itoe machache. Alikuwa na jagi lenye mkaa unaoondoa harufu, lakini vijidudu vinapita. Alikuwa na ndoo mbili zilizopandana, maji yakichujwa na vitu vya udongo mweupe vinavyoitwa mishumaa, vingine vikiwa na mkaa ndani. Hivyo vinazuia vijidudu, ila si kila kemikali. Nikamuuliza kuhusu risasi. Nikamuuliza mshumaa ukipata ufa mtu atajuaje. Nikarudi kwenye mashine.

"Kaka," alisema, "unachagua chujio au mchumba?"

"Mchumba nisingemuuliza maswali mengi hivi."

"Kumbe ndiyo maana huna."

Niliondoka bila kununua. Kila chujio lilikuwa na jambo lisiloliweza, na mimi nilitaka moja lisiloshindwa na chochote.

Alhamisi bibi alianza kukunja vitenge vyake. Nilimwambia chemchemi yake iko chini ya kilima chenye vyoo. Alisema ameinywa tangu akiwa kwa mama yake na tumbo halijalalamika. Nikamkumbusha mwaka ule kijiji kizima kilipoharisha.

"Ule ulikuwa msiba," alisema. "Tulikula nyama iliyolala."

Nikamimina maji niliyoyachemsha na kuyapoza, nikaweka glasi mbele yake, nikarudi nyuma, nikafungua chupa yangu na kunywa nikimtazama. Bibi akaitazama glasi, akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi.

"Mwana wange, nani ameonja haya?"

Sikuelewa.

"Mtu akikuletea rubisi anakunywa kwanza yeye, ndipo anakupa. Hata adui yako anafanya hivyo. Wewe unaniwekea glasi, unajitenga, unanikodolea macho kama mtu aliyetia kitu, halafu unakunywa yako. Ungekuwa mimi ungekunywa?"

Mama alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Nimeona desturi hiyo kwenye kila harusi na kila posa tangu utoto: anayehudumia pombe humeza kidogo mbele ya mgeni, kisha humkabidhi. Kwa maji hatukuwa tukifanya hivyo, maana maji hayakuwa na shaka. Shaka niliileta mimi, nikaimimina kwenye glasi yake kila siku.

Nikanyoosha mkono niichukue nionje. Mkono ukasita. Nilijua yamechemka, nilijua tenki ni safi, na bado nilikuwa nawaza kuhusu mabomba. Bibi aliona ule mkono. Akaendelea kukunja kitenge.

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Pale ndipo swali lilipobadilika. Sikuhitaji tena kujua chujio lipi halina kasoro. Nilihitaji kujua ni lipi ningeweza kunywa maji yake mbele ya bibi bila mkono kusita. Nilipojiuliza hivyo jibu lilikuja upesi kiasi kwamba nilitafuta sababu ya kulikataa, nikakosa.

Ijumaa asubuhi dada wa duka aliponiona alivuta kiti akakaa, akijiandaa. Nikamwomba zile ndoo mbili, zenye mishumaa ya udongo iliyotiwa mkaa ndani. Sikuuliza chochote. Alinifungia kila kitu akinitazama kwa wasiwasi, kama mimi ndiye mgonjwa.

Nyumbani niliosha mishumaa kwa brashi laini bila sabuni, nikaikaza, nikajaza ndoo ya juu. Maji ya kwanza nikamwagia maua, kama maelekezo yalivyotaka. Ya pili yalidondoka polepole mchana kutwa, na nyumba nzima ikawa inapita pale kuchungulia. Bibi mwenyewe alipita mara kadhaa, akijifanya anatafuta fimbo aliyoishika.

Jioni nilifungua koki, nikajaza glasi. Nilisimama mbele yake, nikanywa. Halikuwa funda la kuonja. Nilikunywa mpaka robo ya glasi ikaisha, na nilipomeza sikuwa nawaza kitu. Kisha nikampa kwa mikono miwili.

Alinusa. Alikunywa kidogo, akakunywa tena, akashusha glasi ikiwa tupu.

"Yananuka ndoo mpya," alisema, akanirudishia. "Onja tena, kisha uniongeze."

Nikajaza, nikaonja, nikamwongeza.